Mstari wa Mwisho kwenye Bajeti ya Madam

Jumapili, 5 Oktoba 2025

Leo madam ameniuliza maoni! Si petroli, si foleni — maoni.

Tulikuwa kwenye taa nyekundu tukitoka kwa dada yake. Akaleta simu mbele kutoka kiti cha nyuma. Picha ya chumba cha vioo kilichounganishwa na nyumba, ndani michungwa kwenye vyungu vikubwa, meza, watu wanakunywa chai. Anakiita orenjeri. Alikiona London wakiwa likizo na sasa anataka kimoja hapa Al-Safa, Jeddah, kabla ya Ramadhani. Bosi, mume wake, amempa riali laki moja na elfu themanini. Juu ya hapo, mafi, hakuna.

Nikauliza, madam, kitakaa juu ya msingi gani? Maana kioo ni kizito. Akauliza kama najua ujenzi. Nikamwambia nimekuwa fundi wa nyumba miaka kumi na moja, Nyamira na Kisii mjini, kabla sijaja huku kushika usukani. Miaka mitatu namwendesha na hakuna mtu wa nyumba hii aliyewahi kuuliza nilikuwa nani kabla ya kuwa dereva.

Taa ikabadilika, nyuma wakaanza kupiga honi. Nimefurahi kama mjinga.

Jumanne, 7 Oktoba

Injinia amekuja na karatasi zake. Anataka kukijenga nyuma, nje ya sebule. Lakini chini ya pale kuna tangi la maji la nyumba nzima, limezikwa ardhini. Ukitaka kuweka vioo juu yake lazima uimarishe zege kwanza, na hiyo peke yake ni elfu arobaini na moja. Jumla: laki mbili na elfu thelathini na sita! Bosi akasema halas, basi, tusahau. Madam akaingia ndani bila kuaga mtu.

Saa kumi akanitumia picha ya karatasi ile kwa WhatsApp. "Zablon, angalia." Basi. Nimeyasoma maneno hayo mara nyingi kuliko yanavyostahili.

Nimekaa kitandani na karatasi. Chumba changu kiko kando ya geti, mita tatu kwa nne, na choo chake. Nikiwa humu nasikia geti, paka, na magari ya watu wengine. Risper, anayefanya kazi ndani, ndiye mtu pekee ninayeongea naye Kiswahili uso kwa uso. Ananipitishia sahani kwenye dirisha la jikoni, dakika mbili, tatu, halafu anaitwa. Leo nikamwambia kuhusu orenjeri. Akasema, "Machungwa si yako kwa friji? Hawa watu wanataka nini tena?" Mluo wa Siaya huyu, hana subira na mambo ya kizungu.

Ijumaa, 10 Oktoba

Sharafiya, mtaa wa wageni wenzetu. Nimetuma pesa nyumbani, nikala wali na Gilbert. Gilbert ni mlinzi wa ghala, tulikuja kwa ndege moja. Nikaanza kumweleza habari za tangi na zege, akawa anatazama mpira kwenye simu. Sawa. Si lazima kila mtu apende zege.

Nikampigia Eucabeth. Zamani mke wangu alikuwa anaweza kuongea mpaka bando liishe. Siku hizi ni ripoti: mbuzi mzima, paa linavuja upande wa jikoni, Joy anaingia Gredi ya Kumi Januari na shule itataka hiki na kile. Nikasema, unajua kuna chumba huku wanataka kujenga cha vioo — akasema haya, Baba Joy, kuna mtu mlangoni. Dakika nne.

Huyo mtu wa mlangoni anakuja kila Ijumaa.

Jumatatu, 13 Oktoba

Siku nzuri kabisa. Tumezunguka maduka ya vioo na alumini tangu saa tatu asubuhi, maduka sita. Madam anauliza bei, mimi nagonga fremu kwa kidole na kutazama kona zilivyoungwa. Kwenye duka la tano nikamwambia mwenye duka, hii fremu ni nyembamba, bei yake haiwezi kuwa ya nene. Mpalestina huyo alinitazama kama gari limeongea! Akashusha elfu kumi na moja.

Kurudi, madam akanunua kahawa mbili. Mbili! Tukanywa ndani ya gari, yeye nyuma, mimi mbele. Akaniambia baba yake alikuwa na shamba la michungwa yeye alipokuwa mdogo, liliuzwa, na mama yake hakuongea siku tatu. Nikasema pole, madam. Akasema ahsante. Alisema kwa Kiswahili, sijui Risper alimfundisha lini.

Bado tuko laki mbili na elfu ishirini na tano. Inauma.

Jumatano, 15 Oktoba

Nimepata! Nimepata!

Nilikuwa naoga. Maji yakawa yanashuka kwenye bomba la chini nikasimama na sabuni usoni. Chumba changu! Kina msingi wa zege, nimeuchungulia, ni wa kweli. Kina maji, kina mfereji wa maji machafu, kina umeme. Kimeegemea ukuta wa chumba cha kulia. Orenjeri ikae hapa, siyo juu ya tangi. Unabomoa kuta, unaacha msingi, unatoboa mlango kwenye ukuta wa chumba cha kulia, umemaliza. Elfu arobaini na moja za zege zinaondoka. Bomba nalo linapungua elfu tano.

Nilimweleza madam saa nne. Akaniita ndani, mpaka chumba cha kulia! Nikavua viatu, soksi moja ina tundu, nikakunja kidole. Nikachora mbele ya bosi. Injinia akaitwa kwa simu, akauliza maswali mawili, kisha akasema naam, huyu mtu anasema kweli. Bosi akanipiga bega, "Wallah, Zablon muhandis!"

Sijapigwa bega tangu Kenya.

Alhamisi, 16 Oktoba

Madam ameniambia niandike bajeti yote upya kwa mkono wangu, injinia ataihakiki. Nimeandika mara tatu ikawa safi.

Tatizo ni dereva. Akibomolewa chumba lazima alale mahali. Juu ya paa kuna stoo ya zamani isiyo na madirisha, kando ya kamba za kuanikia nguo. Kuitengeneza, choo kidogo, dirisha: elfu kumi na nne. Niliweka mstari huo chini kabisa, baada ya miti na vyungu. Sikuona adabu kujiweka juu ya vitu vyao.

Kisha nikakaza. Badala ya marumaru ya Italia, vigae vizuri: elfu kumi na tatu zimeokolewa. Kubomoa, elfu sita za vibarua — nikaandika sifuri. Nitabomoa mwenyewe, Ijumaa mbili zinatosha. Jumla, pamoja na chumba changu: laki moja na elfu themanini. Kamili! Hakuna hata riali inayoning'inia.

Nimekuwa nikiitazama karatasi hii kama picha ya mtoto.

Ijumaa, 17 Oktoba

Nimepanda paa na tepu, madam akijua. Upepo mzuri. Dirisha nitaliweka upande wa kamba.

Niseme ukweli maana hapa hakuna wa kunisikia. Risper huanika nguo kila asubuhi, nusu saa nzima. Nusu saa! Sitaki kitu kwake. Ana mume wake, nina mke wangu. Nataka mtu anayejua ugali ulioungua unanuka vipi, nimwambie neno naye aniambie neno, na asiitwe baada ya dakika mbili.

Nilipompa habari dirishani alicheka. "Fundi, utakuwa jirani yangu! Usianze kukoroma tu, nguo hazitakauka." Nimecheka peke yangu chumbani kama mwenda wazimu.

Jumatano, 22 Oktoba

Mstari umekatwa.

Nilisimama mlangoni mwa chumba cha kulia, bosi anasoma karatasi yangu kwa sauti, anatikisa kichwa kwa furaha, madam anatabasamu. Vioo, naam. Bomba, naam. Miti, naam. Akafika chini. Akaacha kusoma. Akauliza, hii ni nini, dereva juu ya paa? Nikaeleza stoo, dirisha, elfu kumi na nne. Nikaonyesha kwa kidole upande gani dirisha litakaa! Mimi mwenyewe, kwa mdomo wangu!

Bosi hakukasirika. Ingekuwa afadhali. Alinitazama tu, kisha akamtazama madam, wakaongea Kiarabu cha haraka. Nilidaka maneno machache: wasichana, vyumba vya kulala, nguo, kadama. Kadama, mtumishi wa ndani, ni Risper. Bosi akachukua kalamu akapiga mstari juu ya mstari wangu, polepole, kama mtu anayefuta vumbi.

Madam hakuniangalia. Akasema basi kwa hizo elfu kumi na nne marumaru inaweza kurudi. Injinia akajumlisha. Laki moja na elfu sabini na tisa. Imebaki elfu moja, chenji.

Hakuna aliyesema mimi nitalala wapi. Nami sikuuliza. Nilivaa viatu nikaenda kuosha gari ambalo lilikuwa safi.

Ijumaa, 24 Oktoba

Gilbert amenicheka mpaka akakohoa. Halafu aliponitazama usoni akaacha. Alisema, Zablon, miaka mitatu Saudia na hujui? Mwanamume wa nje halali juu ya wanawake wa nyumba. Ndiyo maana wanatuweka getini. Yule mzee alipoona dirisha, akaona dereva anawatazama mabinti zake wakiingia na kutoka, na kadama wake anaanika chupi.

Nilijua. Si kwamba sikujua! Kila mtu anajua. Ila walinipa kahawa, wakanipiga bega, wakaniita ndani, na mimi nikasahau ni mtu wa aina gani. Nikajipimia nafasi kwenye nyumba yao kama mtoto wa kwao. Na chumba pekee ninachoruhusiwa kulala nimekitoa mwenyewe, kwa mchoro.

Jana sahani haikuja dirishani. Ilikuwa kwenye ngazi ya jikoni, imefunikwa kwa karatasi ya foili. Leo vilevile. Dirisha limefungwa. Nimesikia Risper anaimba ndani, kwa nguvu kuliko kawaida, wimbo wa kanisani. Nadhani alikuwa ananiimbia mimi. Au alikuwa anaosha sufuria tu.

Sikumwambia Eucabeth. Dakika sita leo. Alisema sauti yangu ina mafua.

Jumamosi, 1 Novemba

Riyadh. Tumetoka Jeddah alfajiri, mwendo wa saa tisa barabarani. Bosi alilala karibu njia nzima. Nilidhani ana shughuli huku. Kumbe shughuli ni mimi.

Tumefika kwa kaka yake. Nyumba kubwa, geti la umeme, magari matano. Kaka mtu akatoka, akanisalimia vizuri, akaniambia niwashe gari, nizime, nirudi kinyumenyume mpaka ukutani. Nikarudi. Akamwambia bosi kwayis, kwayis, yaani vizuri. Bosi akaniambia, Zablon, huku kazi ni nyingi na mshahara unaongezwa riali mia mbili. Jeddah sisi tutatumia gari la kuita kwa simu mpaka ujenzi uishe, baadaye tutaona. Wewe ni mtu mzuri. Hakuna tatizo lolote.

Nikasema sawa, baba.

Wamenionyesha chumba. Vitanda vinne, tayari watu watatu. Mmoja wa Bangladesh, mmoja Mnepali, mmoja sikuelewa. Kila mmoja na waya zake masikioni. Wakanitikisia kichwa, wakarudi kwenye simu zao. Nilidhani upweke ni kuwa peke yako chumbani. Sasa nimeona mwingine, wa watu wanne.

Jumatatu, 3 Novemba

Tumerudi. Risper amenisubiri kwenye mapipa ya taka, saa moja asubuhi. Alikuwa na mfuko mtupu mkononi, kisingizio. Alikuwa amesikia kila kitu ndani.

Aliongea haraka. "Ati Riyadh? Wewe fundi mjinga sana, unajua? Ulikuwa unatafutia nini dirisha?" Nikasema nilitaka hewa. Akasema, "Hewa!" Akaangalia nyuma. Macho yalikuwa mekundu, sijui ni mimi au ni vitunguu. "Na mimi nitaongea na nani, na friji?"

Nikasema samahani. Ndilo neno lililokuja. Nilikuwa na maneno mengine lakini geti lilifunguka na bosi akatoka, naye Risper akatupa mfuko mtupu ndani ya pipa akaingia.

Alhamisi, 6 Novemba

Ujumbe umeingia kwenye simu. Maombi ya kunihamisha kwa kafili mpya, mwajiri mdhamini, Riyadh. Vitufe viwili: kubali, kataa. Siku saba.

Nimemuuliza bosi, baba, nikikataa? Akasema hakuna anayekulazimisha, utakata tiketi ya Kenya, tutaagana kwa heri. Alisema kwa upole kabisa. Nikamwambia naweza kulala Sharafiya, chumba cha kupanga na wenzangu, nije kila asubuhi. Akasema dereva wa nyumba anakaa nyumbani, madam akitaka kutoka saa nne usiku nikutafute Sharafiya? Nikamwambia basi kibanda cha mbao kando ya maegesho, nitakijenga mwenyewe, elfu moja iliyobaki inatosha. Akafikiri. Kweli alifikiri! Nikaacha kupumua. Kisha akasema mbao zitaonekana kutoka kwenye vioo.

Kubomoa, kwa sababu sitakuwepo, vibarua wa injinia ndio watakaofanya. Zile elfu sita nilizoandika sifuri. Bosi amezitoa mfukoni papo hapo, hata karatasi hakufungua.

Nimempigia Eucabeth. Nimemwambia yote safari hii, hata dirisha. Jina la Risper sikulitaja — nimesema kadama. Akasema, Baba Joy, Januari si mbali. Halafu akasema, ungekuja, ungeziba hapa jikoni. Sikuelewa kama anasema nije au nisije, na niliogopa kuuliza.

Ijumaa, 7 Novemba

Sikutoka. Gilbert amepiga mara mbili.

Jumapili, 9 Novemba

Miti imekuja leo, vioo havijafika! Vioo vimekwama, injinia anasema wiki tatu. Lakini duka la miti lilimpa madam bei nzuri akichukua sasa. Michungwa minne, mirefu kuliko mimi, vyungu vya udongo vizito kama mimba ya ng'ombe. Mimi na vibarua wawili tuliishusha.

Muuzaji akasema imetoka kwenye banda la baridi, isiwekwe juani ghafla, itapukutisha matunda. Madam akazunguka uani, sebule ina zulia, gereji ina joto. Akasimama mbele ya mlango wangu. Nilijua kabla hajafungua mdomo. Akasema, Zablon, humu kuna AC.

Nikasema ndiyo, madam.

Akaniuliza itatosha? Nikapima kwa macho. Kitanda kikisimamishwa ukutani itatosha, nikasema, na mfereji uko hapa hapa, maji ya kumwagilia hayataharibu kitu. Nilisema kwa furaha kidogo, Mungu anisamehe, maana aliniuliza. Akasema wewe ndiye mtu pekee anayeielewa kazi hii. Macho yake yalikuwa na maji. Akaingia ndani.

Kwa hiyo kubomoa kumesogezwa mbele wiki tatu. Nilikwenda kumuuliza bosi kama na mimi basi nisogezwe wiki tatu. Akasema kaka yake anasubiri.

Saa hii saa kumi na moja jioni. Naandikia juu ya sanduku langu, limebaki katikati ya vyungu viwili. Jani linanigusa shingo kila AC inapopuliza. Miti ina harufu nzuri, siwezi kusema uongo. Simu iko mkononi, siku nne zimebaki. Nimefungua ule ujumbe, nimefunga. Nimefungua.

Risper amepita akaacha sahani kwenye ngazi. Alikohoa mara mbili. Nami nikakohoa.

Bosi amechungulia. Hakuingia, hakuna pa kukanyaga. Akauliza, Zablon, umeshakubali? Nikasema kesho, inshallah. Akaitazama miti mmoja mmoja, akasema mashallah. Alipokuwa anaondoka akaniambia usiku nilale kwenye gari, nisije nikavunja matawi, na nisizime AC.